Baibui, Cheni na Barabara ya Morogoro

Siku ya kwanza nilipoingia na baiskeli kwenye geti la ofisi yetu, mlinzi alinisimamisha. "Dada, mzigo wa nani huo?" Alidhani nimetumwa kuleta vitumbua vya chai ya saa 4. Ni mlinzi yuleyule aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi kwa mwaka mzima na ushei, lakini juu ya baiskeli hakunijua. Nilipomwambia ni mimi, wa idara ya hesabu, ghorofa ya tatu, alinitazama kuanzia viatu hadi mtandio, akaitazama baiskeli, akarudi kwangu. "Sasa dada yangu, umepatwa na nini?"

Sikuwa nimepatwa na kitu. Mimi ni mtu wa Tanga.

Nimekulia Ngamiani, kwenye barabara zinazoitwa kwa namba, na kule kwetu baiskeli haina habari. Inakaa barazani kama ndoo inavyokaa uani. Mwalimu wangu wa hesabu alikuja nayo shuleni, shehe alikwenda nayo msikitini, mama alifunga kikapu nyuma akaenda nayo sokoni, na jioni vijana walizipanga mstari Raskazone wakatazama bahari. Mji wenyewe ni tambarare. Ukianza kukanyaga pedali unashtukia umefika. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini naendesha baiskeli, kama ambavyo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini navaa kandambili.

Aliyenifundisha ni mama, na somo la kwanza lilikuwa la nguo. "Cheni iko kulia," alisema, "kwa hiyo nguo yote ihamie kushoto." Ndani unavaa suruali nyepesi. Unashika pindo la nyuma, unalipitisha katikati ya miguu kuja mbele, unalikunja mara mbili, unalichomeka kiunoni upande wa kushoto. Ukifika unalichomoa, unajikung'uta, hakuna anayejua ulikujaje. Nilianza kwa kanga yake iliyochakaa, nikahamia kwenye baibui nilipokuwa mwari.

Dar nililetwa na kazi, na kwa miaka sita niliishi kama wenzangu wote: kituoni, nikinyoosha shingo. Halafu ikaja asubuhi moja ya Februari, joto limeshakaa mabegani tangu alfajiri, nimesimama Sinza dakika 40. Daladala tatu zimepita zimejaa hadi watu wananing'inia. Ya nne ikapunguza mwendo, konda akachungulia, akatangaza, "Mmoja tu, mwembamba!" Kisha akanitazama mimi, akapiga bati, wakaondoka.

Mimi si mwembamba. Nilipiga simu kazini kuomba udhuru, nikaenda Buguruni kununua baiskeli.

Ni ya mtumba, kutoka Japani, ile ya kike yenye fremu iliyoinama katikati na kikapu cha chuma mbele. Ina gia tatu, taa ya dinamo, na kufuli lake limejengewa kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye fremu kuna kibandiko chenye maandishi ya Kijapani. Mdogo wangu anashikilia kwamba kimeandikwa "Mali ya shule, usiibe." Muuzaji alianzia laki mbili, nikamaliza kwa laki na nusu na pampu ya bure, na bado naamini alinipiga. Baba yangu, ambaye ujana wake wote aliendesha Swala, zile zilizokuwa zikitengenezwa hapahapa nchini, nilipomtumia picha akaniuliza swali moja tu: "Keria yake inabeba gunia?" Haibebi. Akanyamaza kidogo, kwa huzuni.

Kutoka Sinza hadi Posta ni kama kilomita 10. Naondoka saa 12 kamili, giza linapasuka, nashuka na Barabara ya Shekilango hadi inapokutana na Barabara ya Morogoro, halafu ni moja kwa moja: Urafiki, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, mjini. Kipande cha Shekilango ndicho cha roho mkononi, kwa sababu ni cha daladala, na daladala ikiona abiria kushoto huenda kushoto, uwepo usiwepo. Wiki za mwanzo nilikuwa nafika Morogoro Road mikono inatetemeka kama mtu aliyetoka kubeba zege.

Lakini nikishaingia Morogoro Road saa hiyo, nakuta barabara ina wenyewe, na wenyewe hawana injini. Kuna vijana wa mkaa wanaoteremka kutoka pande za Kimara na magunia matatu nyuma, breki zao ni kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi, na fimbo imechomekwa kwenye fremu kwa ajili ya kuiegemeza baiskeli wakisimama, maana stendi ya kawaida haihimili mzigo ule. Kuna trei za mayai zimefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na mwenyewe anapita juu ya matuta kama anabeba mtoto mchanga. Kuna matenga ya kuku. Kuna wa madafu, ambaye huwa haendeshi kabisa, anasukuma tu, panga limelala juu ya madafu kama abiria. Baadaye kidogo, jua likishapanda, hutoka mnoa visu, yule aliyeigeuza baiskeli kuwa mashine: anaisimamisha, anapanda, anakanyaga pedali na jiwe linazunguka, cheche zinaruka, kinamama wanatoka na visu vyao.

Kwao wote baiskeli ni kazi. Katika msafara ule kichekesho nilikuwa mimi: baiskeli nzima, na mzigo wake ni mkoba na bakuli la wali wa jana.

Wa kwanza kunisemesha alikuwa mzee wa mikate. Ana sanduku la mbao nyuma, la rangi ya samawati, lenye mlango mdogo wa bawaba, na ukipita karibu yake unasikia harufu ya mkate wa moto hadi njaa inauma upya. Tulikuwa tumesimama taa za Magomeni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Akaniangalia kidogo. "Nimekufuata tangu Manzese. Unaendesha kama mtu anayeogopa kuonekana."

Nikadhani ananitania kwa kuwa ni mwanamke. Sivyo. Alikuwa anazungumzia ukingo. Mimi nilikuwa najibana pembeni kabisa, tairi linalamba ukingo wa lami, nikiamini hapo ndipo penye usalama. Akanieleza kwamba ukijibana, dereva anaona nafasi ya kukupita hata pasipo na nafasi, anakusugua, na wewe huna pa kukimbilia isipokuwa mtaroni. "Toka hatua moja. Akuone. Akikupigia honi ujue amekuona. Anayekugonga ni yule aliyenyamaza." Taa zikawaka kijani, akaondoka, sanduku linapiga kelele kama kabati linalohama.

Nimeshahudhuria semina kadhaa za usalama kazini, zenye chai na bahasha. Hakuna iliyonifaa kama zile sekunde 30 za Magomeni.

Siku nyingine alinipa la pili: gari likisimama kwenye njia panda usimtazame dereva usoni, tazama tairi lake la mbele. Uso hukuangalia wewe huku akili iko kwenye simu, lakini tairi haliwezi kugeuka kisirisiri. Tangu hapo nimekuwa msomaji wa matairi. Huwa najua daladala inataka kuingia kituoni kabla konda wake hajajua.

Sasa nisije nikaonekana kana kwamba barabara hii haijatengewa baiskeli. Imetengewa. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipojengwa, ile njia kuu ya kutoka Kimara hadi Kivukoni, pembeni mwake ziliwekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Mabasi yakaanza mwaka 2016, nauli ya njia kuu shilingi 650, na Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Mimi nilijivunia tuzo ile wakati huo sina hata pampu. Mabasi yana njia yao ya zege katikati, safi, imenyooka, na kuna asubuhi naitazama kama mtu aliyefunga anavyotazama sambusa. Siingii. Zile si njia za kujaribia bahati, basi likija nyuma yako haliji peke yake, linakuja na uzito wake wote.

Yangu ni ya pembeni, na ya pembeni ni ya wote. Kwa kutaja nilichokikuta katika asubuhi moja tu, ya Alhamisi, kati ya Urafiki na Magomeni Mapipa: pikipiki sita zimeegeshwa zikisubiri abiria, meza ya chapati, gari dogo limepanda juu kabisa kana kwamba ni gereji yake, viatu vya mtumba vimepangwa jozi kwa jozi, mtu amelala, na mfuniko wa shimo la maji machafu ambao haupo. Kuhusu mifuniko, ushauri wangu ni mfupi. Chuma chakavu kina soko. Ukiona dimbwi la duara, lizunguke.

Watu hutegemea nikasirikie wauzaji. Siwezi. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara, njia zilikaa nyeupe, na wale walioendesha wakati huo wananiambia ilikuwa raha. Naamini. Lakini yule mama wa chapati ndiye aliyeniokota nilipoanguka, kwa hiyo ushahidi wangu una upendeleo.

Nilianguka hivi. Bodaboda alikuwa anakuja kinyume, ndani ya njia ya baiskeli, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa mahari. Mimi nikaenda kushoto, na yeye akaenda kushoto kwangu, ambako kwake ni kulia. Usukani ukagusana na usukani. Pikipiki ikayumba ikasimama. Mimi nikaenda chini, goti, kiwiko, bakuli la wali. Kabla sijajua nimeumia wapi nilikuwa nimeshainuliwa na mikono yenye unga wa ngano, mtu ananiwekea maji, mwingine anaokota chenji zangu na kunihesabia, zote, hata mia mia. Kijana wa bodaboda akashuka, nikadhani anakuja kuomba radhi. "Dada," akasema, kwa upole kabisa, "hii njia huwa tunapita sisi."

Na mama wa chapati, bila kugeuka kutoka kwenye chuma chake: "Na mimi huwa nakaanga hapa. Mpe dada hela ya sabuni."

Alinipa elfu mbili. Tunapungiana mikono hadi leo.

Jangwani ndipo mahali ninapopapenda na kupaogopa. Unatoka Magomeni Mapipa unateremka, bonde la Mto Msimbazi linafunguka kushoto na kulia, hewa inabadilika ghafla, inakuwa ya ubaridi na harufu ya matope, na kwa sekunde chache hukanyagi kitu. Huko ndiko yaliko makao ya Yanga, ndiyo maana wanaitwa watoto wa Jangwani, na siku inayofuata ushindi wa Yanga watu wenye jezi za kijani na njano hukupigia kelele kama vile na wewe ulifunga goli. Mimi ni wa Coastal Union, siwezi kuacha kilicho cha kwetu, lakini nawapungia. Kisha unapanda kwenda Fire, na kupanda kule ndiko kunakokukumbusha umri.

Mvua kubwa ikinyesha, bonde hudai mali yake. Maji ya Msimbazi hupanda hadi barabara hufungwa pale pale, mabasi husimamishwa, na mji hukatika vipande viwili. Wakazi wa zamani bado huhesabu mambo kwa mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baadhi ya waathirika wake walihamishiwa Mabwepande, mbali kabisa na mjini. Masika ya kwanza tangu ninunue baiskeli nilifika Mapipa saa 1 kasorobo nikakuta umati umesimama kama ufukweni, wanatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita juu ya lami. Kijana mmoja akaniambia kwa elfu tatu atanibebea baiskeli begani na mimi atanishika mkono. Nilikuwa na ripoti ya mwisho wa mwezi. Nilifikiria, kweli nilifikiria. Ndipo nikamwona mzee wa mikate, ametegesha baiskeli kwenye ukuta, amefungua sanduku, anauza mikate palepale kwa waliokwama. Akanitazama, akatikisa kichwa mara moja tu. Nikanunua mkate, nikapiga simu kazini. Maji yale yana mashimo chini yake, na nimeshaeleza habari za mifuniko.

Mjini kwenyewe sina mengi ya kusema. Asubuhi ile magari bado machache, unapita Kisutu, unaibukia karibu na Sanamu ya Askari, aliyesimama pale tangu 1927 na bunduki yake, na umefika. Jasho? Ndilo swali la kwanza la kila mtu. Nina kanga na taulo dogo kazini, maji ya bombani, dakika 10. Wanaoshuka kwenye daladala iliyojaa nao hawafiki wakavu, ila hakuna anayewauliza.

Kazi kubwa ilikuwa pa kuiweka. Eneo la maegesho lina nafasi za magari zenye majina ya vyeo, na kibao cha pikipiki. Baiskeli haina kibao. Wiki ya kwanza mlinzi alikataa nisiiweke mbele kwa sababu "wageni wataona." Nikaiweka nyuma kwenye jenereta, fundi wa jenereta akakataa. Nikaipandisha ngazi, mhudumu wa usafi akakataa, na yeye ndiye aliyekuwa na haki. Bosi wangu akaniita. Alikuwa mpole mno, akafunga mlango, akaniuliza kama nina matatizo nyumbani, kama kuna mkopo unanisumbua, kwamba kazini kuna utaratibu wa kukopeshana. Kwenye kikundi cha WhatsApp wenzangu walianzisha orodha ya "Mchango wa gari la dada yetu", mtu akaahidi tairi moja, mwingine wipa. Nilicheka nao. Lakini sitasema uongo, siku mbili tatu zile niliumia. Tanga sijawahi kujua kwamba baiskeli ina tabaka.

Aliyelimaliza jambo hilo ni mlinzi mwenyewe. Saa 4 moja alinifuata juu, amevua kofia. "Dada, naomba niazime chombo, nifuate vitumbua, leo mama hajaja." Akarudi baada ya dakika sita. Kesho yake akaazima tena. Ilipofika Ijumaa nikakuta amesafisha kona chini ya ngazi za nje, ameweka kipande cha boksi sakafuni ili mafuta ya cheni yasichafue, na akifika mgeni anayetaka kuegemea pale humwambia kwa sauti ya geti: "Hapo pana baiskeli ya mhasibu."

Kurudi ni kuzuri kuliko kwenda. Jioni upepo wa bahari unavuma kutoka mgongoni, unakusukuma tangu Posta, na hata kile kimlima cha kutoka Jangwani kwenda Magomeni unakipanda kwa msaada. Ubaya wa jioni ni giza. Linaingia haraka, na pikipiki zisizo na taa ni nyingi kuliko nyota.

Wiki iliyopita, adhana za magharibi zikipokezana Magomeni, tairi la nyuma likaanza kunesa. Nikaisukuma hadi Tip Top, pale Manzese, ambako kuna fundi chini ya taa ya duka. Ana beseni la maji, msasa, solushani na lundo la tyubu za kukatia viraka, na stuli ambayo ni ringi iliyowekewa gunia. Hakunisemesha. Alichomoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha, akaizungusha taratibu hadi povu likatoka, akapakausha, akasugua, akapaka, akapuliza, akabandika, akagonga kwa kitako cha nyundo. Alikuwa hajaniangalia hata mara moja, ndivyo nilivyodhani.

Akakaza nati ya mwisho, akanikabidhi usukani. Nikashika pindo la nyuma, nikalileta mbele, nikalikunja mara mbili, nikalichomeka kushoto.

"Wa Tanga wewe," akasema.

"Umejuaje?"

Akaonyesha kiuno changu kwa spana. "Mama yangu alikuwa anafunga hivyohivyo. Barabara ya 12."

Nikamwambia mimi ni wa barabara ya 9, kumbe sisi ni majirani, basi kiraka kile ni cha ujirani. Akacheka sana, akajifuta mikono kwenye gunia.

"Elfu moja," akasema. "Na mia mbili ya upepo."